Kura Mbili za Nyumba ya Zurfluh

Majina yote humu nimeyabadilisha, na kijiji nimekiita Steinmatt, jina ambalo hutalikuta kwenye barabara yetu hata ukiifuata mpaka theluji ikuzuie. Nina sababu. Mtu akiketi kwenye meza ya kuhesabu kura huku kwetu, anaahidi kwamba atakachokiona pale atakufa nacho. Mimi Zita ni mwanamke wa neno langu, ingawa waliokunywa kwenye mkahawa wangu miaka ile yote watakuambia kwamba ulimi wangu hauna mfupa. Basi nusu ya siri naitoa, nusu nabaki nayo. Kuibeba yote peke yangu kumenishinda.

Ilianza na dada yangu Agatha. Mama yetu alipokuwa anakata roho hospitalini bondeni, Agatha alikuwa kiwandani, zamu ya mchana. Akamwomba msimamizi ruhusa. Msimamizi akamwambia amalize zamu kwanza, mama haendi popote. Mama akaenda. Agatha alipofika alikuta mama ameshafunikwa shuka mpaka usoni.

Mtu mwingine angelia, akamlaani yule bwana, akazeeka na uchungu wake. Agatha alilia, akamlaani, kisha wiki moja baada ya maziko akaniambia jikoni kwangu huku akimenya viazi:

"Nitaliandika kwenye katiba."

"Utaandika nini?"

"Kwamba mtu wako akiwa anakufa, una haki ya kuacha kazi ukakae naye. Na usifukuzwe."

"Katiba ya nchi nzima, Agatha? Wewe ambaye hata kadi ya Krismasi ya padri nakuandikia mimi?"

"Sentensi yenyewe moja tu. Utanisahihishia."

Nilicheka sana. Lakini moyoni nilishtuka kidogo, maana nilijua sheria inamruhusu. Huku kwetu mtu yeyote akipata wenzake wachache wa kuunda kamati, akakusanya saini laki moja ndani ya mwaka mmoja na nusu, nchi nzima lazima iulizwe swali lake. Nimezaliwa katika utaratibu huu, nimeuzoea kama nilivyoizoea milima iliyotuzunguka, na bado nikiufikiria vizuri mwili unanisisimka. Mwanamke wa kiwandani mwenye goti bovu anaisimamisha serikali yote kule Bern, na serikali inasimama.

Agatha akaenda kusimama kila penye watu: mbele ya kanisa, kwenye maonyesho ya jibini, kwenye mnada wa ng'ombe wakati wa baridi kali, karatasi zake kifuani chini ya koti zisilowe. Kalamu aliziweka kwapani, kwa sababu wino ulikuwa unaganda. Mimi nilikuwa nampelekea supu ya shayiri kwenye chupa na maneno ya kumvunja moyo, naye alikunywa supu, maneno akayaacha.

Ni pale mnadani ndipo alipokuja Balz Zurfluh.

Balz ni fundi seremala, jirani yetu wa nyumba ya juu kabisa, pale msitu unapoanzia. Karakana yake ina wafanyakazi, si wengi, lakini ni yeye tu katika kijiji chetu aliyeajiri mtu. Aliposikia habari ya Agatha alipinga tangu siku ya kwanza, na Balz akipinga jambo hata jiwe linajua. Siku ile alikuja amevaa kofia yake ya manyoya, akasoma karatasi yote polepole, midomo ikicheza.

"Agatha," akasema, "ukimaliza kuwapa watu likizo ya kufiwa, ng'ombe nao utawapa likizo ya uzazi?"

"Ng'ombe wana mabwana wenye akili kukushinda wewe."

"Mimi fundi wangu mama yake alipougua, nilimwambia nenda, na chukua gari langu. Nani aliniamuru? Bern? Hili ni jambo la moyo, dada. Katiba si stoo ya kutupia kila kitu."

"Na ambaye bosi wake hana moyo?"

"Atafute bosi mwingine."

Watu wakacheka, wengine upande wa Balz, wengine upande wa Agatha. Kisha Balz akavua glavu, akanyoosha mkono. "Lete kalamu."

Nilidhani anataka kuichana karatasi. Akaisaini. Jina, tarehe ya kuzaliwa, nyumba, kwa zile herufi zake za mraba anazoziandika hata kwenye mbao, kila herufi imesimama peke yake.

"Umerogwa?" nikamuuliza.

"Nampinga na nitampinga mpaka mwisho," akasema. "Lakini swali ni lake, ana haki ya kuuliza. Acha watu waulizwe. Halafu nitamshinda vizuri."

Akavaa glavu akaenda zake kuangalia ndama. Agatha alibaki anaitazama ile saini, macho yamemlegea. Alisema hakuna saini iliyompa nguvu kama ile, hata za rafiki zake. Wapo wengi wa namna hiyo nchini kwetu, wanaosaini kitu watakachokipinga, lakini kuliona kwa macho, pale kwenye matope ya mnada, ni jambo jingine.

Sasa lazima nieleze habari ya Balz na mkewe Klara, maana bila hiyo hutaelewa.

Klara alikuwa binti mbichi mwaka ule wanaume wa nchi hii walipoulizwa kama wanawake nao wapige kura, na wanaume, baada ya kukataa zamani, wakakubali. Aliolewa na Balz muda mfupi baadaye. Kura yake ya kwanza kabisa ilikuwa kinyume na ya mumewe, na kuanzia hapo kila Jumapili ya kura, zaidi ya miaka hamsini, wale wawili walifutana kura. Balz akisema hapana, Klara ndiyo. Klara hapana, Balz ndiyo. Barabara, majeshi, kodi, vyura, chochote. Walishuka pamoja wameshikana mikono, wakatumbukiza bahasha zao, wakaja kwangu kula keki ya karoti.

"Si bora mngebaki nyumbani tu?" nilikuwa nawauliza. "Matokeo yenu ni sifuri tangu mlipooana."

"Nibaki nyumbani?" Klara angesema. "Huyu mzee nikimgeuzia mgongo tu atashuka kwa siri."

"Nina mke mmoja na upinzani mmoja," Balz angejibu, "na wote wanalala kitanda changu."

Saini za Agatha zikatimia, zikazidi. Zikapelekwa Bern kwenye makasha, naye akapanda treni na kamati yake akaenda kuyakabidhi kwa mikono yake, kisha tukasubiri miaka, kwa maana huko mambo yanapikwa kwa moto mdogo. Serikali ikawashauri wananchi wakatae. Bunge vilevile. Mwishowe ikatangazwa Jumapili ya kura, mwishoni mwa majira ya baridi. Balz alizunguka bonde zima akihutubia kwenye kumbi za mikahawa, na Agatha akimfuata nyuma ukumbi hadi ukumbi kumjibu. Walikuwa wanatumia gari moja, la Balz, kwa sababu Agatha hana.

Halafu Klara akaugua. Ile safari ya mwisho ya kuhutubia Balz hakwenda. Karakana akaifunga, wafanyakazi akawalipa wakae nyumbani, kitanda cha Klara akakishusha sebuleni karibu na jiko la mawe, akakaa kando yake. Hakutoka tena. Agatha alimpelekea maziwa na mkate, akaacha mlangoni, hakugusia habari ya kura hata siku moja.

Na sasa Jumapili yenyewe.

Meza yetu ya kura huwa katika darasa la shule ya zamani. Tulikuwa watu wachache, na mkuu wetu Dominik Epp, karani wa kijiji, kijana mwenye tai hata akilisha kuku. Asubuhi tunafungua bahasha zilizokuja kwa posta. Ndani ya kila bahasha kuna kadi ya mpiga kura, na bahasha nyingine ndogo iliyofungwa yenye karatasi ya kura. Kadi lazima iwe na saini ya mwenyewe. Ipo? Ile bahasha ndogo inatumbukizwa kwenye sanduku na kadi inawekwa pembeni, na tangu hapo hakuna ajuaye ya nani ni ipi. Haipo? Kura imekufa, hata kufunguliwa haifunguliwi.

Nilifungua bahasha ya nyumba ya Zurfluh. Walizituma mbili katika moja, kila kadi imebanwa na bahasha yake ndogo, kwa kuwa safari hii Klara hakuweza kushuka. Kadi ya Klara ilikuwa na saini, mistari inatetemeka lakini yote ipo. Kadi ya Balz ilikuwa tupu.

Nikaigeuza nyuma. Tupu. Mtu aliyehutubia bonde zima, ambaye bila shaka alimjazia mkewe kalamu wino akamshikia ubao asaini, mwenyewe alisahau.

Nitasema ukweli: moyo wangu uliruka kwa furaha. Niliona kura moja ya Hapana inakufa mkononi mwangu bila mimi kufanya lolote. Pendekezo kama hili linatakiwa lishinde mara mbili, kwa wingi wa watu na tena kwa wingi wa kantoni, yaani majimbo ya nchi yetu, na magazeti yote yalikuwa yamesema kantoni yetu ndogo inaning'inia. Nilikuwa nimemwona dada yangu akiganda miguu. Nilimwona akisoma sentensi yake moja mbele ya kioo. Nikaiweka ile kadi kwenye rundo la zilizokufa, nikachukua bahasha nyingine.

Epp akaiona. "Ya Balz?"

"Amesahau."

"Basi apigiwe simu." Hiyo ni desturi yetu Steinmatt. Sheria haiagizi, haikatazi: sanduku likiwa bado wazi, aliyesahau anaitwa aje asaini. Epp akapiga. Simu ililia mpaka ikachoka. "Hapokei. Tumejitahidi," akasema, akatazama saa ya ukutani. "Hatulazimiki kumfuata."

Kweli hatukulazimika. Kila mtu pale mezani alinitazama, maana kila mtu anajua mimi ni dada wa nani. Nikaiangalia ile nafasi tupu kwenye kadi, na kilichonijia si Balz, ni mkono wake umevuliwa glavu kwenye baridi ya mnada. *Acha watu waulizwe.* Alimpa dada yangu saini yake wakati hakulazimika.

"Niandikieni kwamba nimetoka na kadi," nikasema. "Na msifunge sanduku."

Epp akaja nami, kwa kuwa kadi haitoki na mtu mmoja. Tulipanda kile kilima tukiteleza, yeye na tai yake, mimi na laana zangu. Njia nzima nilikuwa namtukana Balz, kisha Agatha, kisha walioitunga desturi hii.

Balz alifungua mlango hajanyoa. Alipoona kadi alijishika kichwa.

"Yesu na Maria. Mimi?"

"Wewe, mheshimiwa," nikasema. "Bonde zima umelifundisha kupiga kura, wewe mwenyewe imekushinda."

Kutoka kitandani karibu na jiko ikatoka sauti nyembamba: "Nani huyo? Zita? Kuna nini?"

"Mumeo hakusaini kadi."

Klara alikuwa amebaki mdogo sana kwenye mito ile. Lakini macho yalikuwa yaleyale, na yakang'aa. "Mwache!" akasema. "Zita, mwache, mpenzi! Miaka hamsini nasubiri siku hii! Ificheni kalamu!"

"Haya, msikieni upinzani," Balz akasema. Alikuwa anatafuta miwani nayo iko puani, anacheka na machozi yanamshuka kwenye ndevu. Epp alijifanya anatazama saa ya ukutani yenye ndege wa mbao anayeimba. Balz akapiga magoti kando ya kitanda, akaweka kadi juu ya blanketi, kwenye mapaja ya mkewe, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pasipo na dawa na vikombe. Akasaini. Klara akamshika sikio akalivuta.

"Umeniharibia," akamwambia.

"Kama kawaida," akasema Balz.

Tuliteremka mbio. Bahasha ndogo nyeupe ya Balz nikaitumbukiza sandukuni, juu ya ile ya Klara inayofanana nayo, Epp akachanganya, na saa ya kanisa ikaanza kugonga. Sanduku likafungwa.

Kisha likafunguliwa, likamwagwa mezani.

Huwa sijui niseme nini kuhusu dakika hiyo. Nimehesabu miaka mingi na kila mara napata haya kidogo, kama nimeingia kanisani na viatu vya zizini. Swali la dada yangu limechapwa juu ya kila karatasi, na chini yake mtu ameandika neno moja kwa mkono wake. Ndiyo. Hapana. Wengine kwa herufi kubwa, wengine kwa haraka, mmoja amebonyeza mpaka karatasi ikatoboka. Na wakati uleule, nchi nzima, mabondeni na mijini, kwa lugha zetu zote nne, watu kama sisi wamekaa mbele ya rundo kama lile wakiwasoma wenzao. Hakuna mfalme. Hakuna anayepiga kelele. Kuna kahawa yenye tone la pombe ya plamu, mkate wa mapeasi makavu, na lile neno moja linarudiwarudiwa.

Mwandiko hautakiwi kuangaliwa. Unasoma neno, unaweka upande wake, basi. Lakini macho hayana pazia. Nilichukua karatasi moja, na kabla sijaliona neno niliziona herufi: za mraba, zimeachana, kila moja imesimama kwa miguu yake.

*Ndiyo.*

Niliisoma tena. Nikaiweka upande wa Ndiyo. Kumbe mzee. Bonde zima alilihutubia, halafu akaketi karibu na lile jiko majuma yale yote, akimtazama mkewe akipungua, akimwinua, akimlisha, akijua kwamba yeye yuko pale kwa sababu tu hana bosi. Basi akahamia upande wa mkewe. Wakati wa mwisho alitaka wavute pamoja. Na hiyo ndiyo kura niliyofurahi kuiona inakufa.

Nilimeza kahawa ikaniunguza. Nikaendelea. Chini kidogo katika rundo langu ikaja nyingine.

Mwandiko ule ninao kwenye kabati langu la chakula mpaka leo, kwenye vibandiko vya chupa za jamu: *cheri*, *plamu*, *forosadi*, na ile mikia ya herufi inayopinda juu. Sasa mikia ilikuwa inatetemeka, mmoja umekwenda kombo ukingoni mwa karatasi. Lakini ni yeye. Klara, ambaye kila mtu alijua yuko upande wa Agatha, aliyekuwa amemwambia Agatha mbele yangu, "Yangu unayo, mdogo wangu."

*Hapana.*

Nikainamisha kichwa. Epp akaniuliza kama najisikia vibaya, nikamwambia ni pombe ya plamu.

Nilielewa, nafikiri, kadiri mtu wa nje ya kitanda anavyoweza kuelewa. Klara naye alikuwa amemtazama Balz. Mume ambaye hakuna sheria iliyomlazimisha, aliyefunga karakana, akawalipa wenzake, akakaa. Balz alisema hili ni jambo la moyo, halafu akaonyesha. Naye Klara akaona amwachie mzee wake ashinde angalau mara moja, kwa kura ya mkewe. Na wakati anavuta sikio lake na kutaka tufiche kalamu, kura yake tayari ilikuwa imefungwa kwenye bahasha, na ya Balz vilevile, na kila mmoja alikuwa anaigiza ugomvi wa zamani ili mwenzake asijue.

Ndiyo moja, Hapana moja. Wamefutana tena.

Alasiri tulikaa kwangu kusikiliza redio, mimi na Agatha. Watu walikuwa wamesema ndiyo. Wingi wa nchi, si kwa mbali, lakini ndiyo. Halafu zikaja kantoni, moja baada ya nyingine, na zilizobaki zikawa chache, na yetu ikaja miongoni mwa za mwisho: Hapana, kwa tofauti ya kura za kujaza ukumbi mmoja wa mkahawa. Pendekezo limeanguka. Agatha alizima redio mwenyewe. Alilaza kichwa juu ya meza yangu, akalia kama alivyolia siku ya shuka, na mimi nilimsugua mgongo huku nina jambo kooni ambalo lingeweza kumpoza na siwezi kulitoa.

"Balz kanishinda vizuri," akasema mwishowe, akijifuta pua kwa aproni yangu. "Kama alivyoahidi."

Niliuma ulimi mpaka ukauma kweli.

Klara alifariki Jumatano. Kijiji kizima kilipanda na kushuka naye. Baada ya maziko walikuja kula kwangu, nyama na viazi vya kuponda kama desturi, na Balz aliketi pale mahali pao pa keki, peke yake, amenyoa, shati jeupe limemlegea shingoni. Nilipompelekea kahawa alinishika mkono.

"Kaa kidogo, Zita. Nina neno la kukuambia, wewe ambaye ulinifuata na ile kadi."

Nikakaa.

"Niliandika Ndiyo," akasema kwa sauti ya chini. "Usimwambie mtu, watanicheka bondeni. Niliandika Ndiyo kwa ajili yake. Miaka yote ile tulikuwa tunafutana, nikasema hii ya mwisho tuwe pamoja. Bila wewe isingehesabiwa. Nilitaka kumwambia. Nilingoja matokeo, nikasema tukishinda nitamwambia, itakuwa zawadi."

"Na mkashindwa."

"Tukashindwa. Nikasikia kwenye redio ya jikoni, nikaenda kumwambia: Klara, imeanguka. Unajua alisema nini?" Alitabasamu, na tabasamu lile lilinikata. "Alinishika uso akasema, 'Tumeshinda, Balz.' Tumeshinda! Zile dawa, Zita. Zilikuwa zimeshamchanganya, hata hajui tena yuko upande gani. Sikutaka kumsahihisha. Nikamwambia, ndiyo, mama, tumeshinda. Akalala amefurahi."

Chumba kilikuwa kimejaa watu na vijiko, nami nilihisi nimesimama ukingoni mwa kitu kirefu kwenda chini. Hazikuwa dawa. Nilikuwa na neno lake mkononi Jumapili ile, na mikia yake. Lakini nilikuwa nimeahidi, na hata nisingeahidi, nimwambie nini mtu huyu? Ile bahasha ndogo imefungwa kwa sababu. Kuna mambo ambayo nchi yenye akili haitaki kuyajua.

"Angalau mara moja," Balz akasema, "tulikuwa upande mmoja."

"Mlikuwa upande mmoja, Balz," nikasema. "Hilo naweza kukuapia."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akanywa kahawa yake. Kisha akainua macho kumtafuta Agatha, aliyekuwa anakusanya sahani na goti lake bovu, akamwita kwa ile sauti ya mnadani, watu wote wakageuka.

"We Agatha! Karatasi mpya utazichapisha lini?"

Agatha akasimama na sahani zake. "Karatasi gani? Si umenishinda?"

"Nimekushinda. Kwani umemaliza kuuliza?" Alikuwa ameshatoa kalamu mfukoni, ile aliyomjazia Klara wino. "Lete chochote, hata hiki cha kufutia mdomo. Jina la kwanza liwe langu, na safari hii Zita ahakikishe nimesaini."